Mtungi wa Kupeleka Bijombo

Moshi wa mavi makavu ya ng'ombe una harufu ambayo watu wa mjini huikunjia pua, lakini mimi nikiisikia popote, hata hapa Nyamianda, mtaa wa Uvira kando ya ziwa, ambako jirani zangu huchoma takataka tu, mate hunijaa kinywani. Ni harufu iliyokuwa ikiingia nyumbani kwetu pamoja na asali. Baba yangu alikuwa mrina asali katika kijiji kimoja cha bonde la Ruzizi, upande wa Katogota, na kila kiangazi alitoka alfajiri, kabla jua halijawapa nyuki ukali, akiwa na bunda la mavi makavu lililofungwa kwa maganda ya mgomba. Alilitia moto, akalipuliza mpaka likatoa moshi mzito usio na mwali, kisha akapanda nalo mtini. Aliporudi, nguo zake, nywele zake, hata rozari aliyoishika jioni, vyote vilinuka moshi ule. Mama alilalamika kwamba shuka zake hazitatakata tena, lakini alilalamika huku akiosha mitungi, na mdomo wake ulikuwa tayari unacheka.

Miti yenyewe ilikuwa migunga. Wakati huo bonde lilikuwa limejaa migunga, kuanzia kwenye mashamba yetu ya muhogo mpaka karibu na mto, na mvua za mwisho zilipokatika ilitoa maua madogo ya mviringo, laini kama vifaranga wa siku moja. Wiki mbili tatu hivi bonde zima lilivuma. Ukilala chini ya mgunga mchana ulihisi mvumo ule kifuani, si masikioni tu. Baba alitundika mizinga yake juu ya matawi yenye miiba mirefu, akisema miiba ni askari wasiolipwa, maana hata mwizi mwenye njaa hufikiri mara mbili. Mizinga yenyewe aliisuka kwa matete, mirefu kama mapipa membamba, kisha akaikandika kwa mavi mabichi ya ng'ombe ili upepo usipite. Sisi hatukuwa na ng'ombe hata mmoja. Mavi yale yalitoka kwa ng'ombe wa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye sababu ya haya ninayoyasimulia.

Kwanza niseme juu ya asali yenyewe, kwa sababu wengi wanaonunua asali siku hizi hawajapata kuijua ile. Asali ya mlimani ni nyeusi, inakwaruza koo, na kwa nyuma ina uchungu wa majani ya porini. Asali ya migunga ilikuwa nyepesi kwa macho, rangi ya chai isiyokolea, na ukiinua kijiko ilishuka polepole kwa uzi mmoja bila kukatika. Utamu wake haukukurukia. Ulikuja taratibu, ukiwa na harufu ya ua na majani makavu, na mwisho wake moshi kidogo, ule moshi wa baba. Haikuganda upesi, mtungi ungeweza kukaa mpaka mvua zirudi na bado ukamimina. Mama aliitumia kwa mpango. Aliimwagia viazi vitamu vilivyochemshwa, akaitia kwenye uji wa mtama wa asubuhi, akaikoroga na ndimu mtu akikohoa, na siku za sikukuu alikaanga karanga akazizungushia asali sufuriani mpaka zikashikamana. Masega tulipewa watoto tutafune, tukatema nta katika kikopo, maana nta nayo ilikuwa na kazi. Lakini chakula kilichoshinda vyote kilikuwa asali iliyochanganywa na samli, kijiko kwa kijiko, ambayo mama mzazi alilishwa siku saba baada ya kujifungua. Sisi tuliokwisha kuzaliwa tulimwonea wivu.

Samli hiyo ililetwa na Rukema. Huyu alikuwa mfugaji wa Bijombo, juu kabisa milimani, mtu mrefu wa maneno machache, ambaye kila kiangazi ng'ombe wake waliteremka bondeni kutafuta majani. Yeye na baba walijuana hivyo, kwa mavi ya ng'ombe, kama baba alivyopenda kusema mbele ya wageni ili mama aone aibu. Rukema alikuwa Mprotestanti wa kweli, hagusi pombe, na baba alikuwa Mkatoliki ambaye pombe ya ndizi haikumpita mbali. Kwa hiyo hawakuweza kunywa pamoja, jambo ambalo kwetu ni gumu kwa watu wanaotaka kuwa marafiki. Walichofanya ni kupeana asali na samli. Kila mwaka mtungi wa kwanza wa asali ya migunga ulikuwa wa Rukema, na mpaka umefika Bijombo, mtu yeyote wa nyumba yetu hakulamba asali ya mwaka ule. Mama hakulamba, watoto hatukulamba, na baba mwenyewe, aliyeumwa na nyuki kwa ajili yake, hakujilamba hata vidole. Aliviosha kwa maji ya moto. Huko juu nao hawakugusa samli ya kwanza ya kiangazi mpaka kibuyu chetu kimeshuka.

Kulikuwa na jambo jingine kati yao, nami nililiona kwa macho yangu nilipokuwa na umri wa miaka saba, mwaka baba aliponichukua kwenda naye mlimani. Kwetu, mtu akikupa kitu cha kunywa au cha kulamba kutoka chomboni, lazima aonje yeye kwanza mbele ya macho yako. Si matusi, ni adabu. Mke humwonjea mume, ndugu humwonjea ndugu, na mtu asiyeonja anatazamwa vibaya. Tulipofika kwa Rukema, miguu yangu imevimba kwa kupanda, baba alifungua mtungi akachukua kijiko cha mti ili aonje. Rukema akamshika mkono.

"Acha," akasema. "Kwa minye na weye, hiyo haiko."

Akachovya kidole chake, akalamba bila kuonjewa. Kisha akaleta kibuyu cha samli, na baba naye akachovya kabla mwenyeji hajaonja. Wakatazamana wakacheka kidogo, wanaume wawili wazima wenye vidole vinavyong'aa. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba nimeona kitu ambacho hakifanywi na watu wote. Njiani kurudi baba aliimba mpaka sauti ikamkauka.

Hiyo ilikuwa mara tu baada ya uhuru. Siku ya uhuru yenyewe naikumbuka kwa vipande: ngoma, bendera ndogo ya karatasi, na mwalimu wetu aliyelia mbele ya darasa bila kutuambia kwa nini. Watu wazima walisema sasa tutakula vizuri. Lakini sukari ilianza kupotea katika maduka ya Uvira, ikafuata chumvi, zikafuata nguo, na asali ya baba, ambayo zamani ilikuwa ya kujifurahisha tu, ikawa kitu cha kutafutwa. Nilipofika miaka kumi ulikuja uasi. Vijana wenye silaha, wengine wakiwa na mikuki tu na majani kichwani, waliingia mjini, na kutoka mjini wakasambaa bondeni. Askari wa serikali walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Watu wa bondeni na watu wa mlimani walianza kutazamana vibaya, kila upande ukisema upande wa pili unaficha adui. Njia ya Bijombo ikafungwa. Anayepanda aliulizwa anampelekea nani habari, na anayeshuka aliulizwa hivyohivyo.

Kiangazi hicho baba alirina kama kawaida, maana nyuki hawakuwa na habari ya vita. Aliujaza mtungi wa Rukema, akaufunika kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni, akalifunga kwa kamba, akaziba ukingo wote kwa nta, akauweka pembeni mwa chumba walicholala yeye na mama. Akasema njia ikifunguka ataupeleka. Wiki zikapita. Ng'ombe wa Rukema walikuwa wameshuka kabla ya njia kufungwa, wakichungwa na mwanawe wa kwanza, Enoki, kijana wa miaka kama kumi na minane ambaye tulimwita yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. Siku moja alikuja na kibuyu cha samli alichopewa na baba yake kabla ya kushuka, akala kwetu, akalala chumba hichohicho chenye mtungi kwa sababu baba na mama walimwachia kitanda chao kwa heshima. Asubuhi akarudi kwa ng'ombe wake karibu na mto. Mtungi haukuondoka naye; baba alitaka kuupeleka kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa niseme nililofanya. Nimelisema mara chache katika maisha yangu, na bado uso wangu hupata moto. Nyumba ilikuwa na njaa, ni kweli. Tulikula muhogo na ndagala wachache, wale dagaa wa ziwani, tena bila chumvi. Lakini sikuiba kwa njaa, maana ndugu zangu walikuwa na njaa ileile na hawakuiba. Niliiba kwa sababu nilikuwa na roho ya tamaa na niliijua ile asali. Nilikata unyasi mwembamba wenye tundu, nikatoboa jani la mtungi penye mkunjo ambapo hapaonekani, nikanyonya. Nilipomaliza nikaziba tundu kwa kipande cha nta. Kesho yake nikarudi. Baada ya siku nne tano niliuinua mtungi kidogo nikasikia umekuwa mwepesi, nikaogopa. Basi nikajaza maji kinywani, nikaweka unyasi tunduni, nikapuliza maji yakaingia ndani. Nilijiona nina akili sana. Nikaendelea hivyo, siku hii kunyonya, siku hii kupuliza maji, na kila mara nikiziba vizuri kwa nta.

Yeyote aliyewahi kuishi na asali anajua kilichotokea mtungini. Asali ikiwa peke yake haiozi. Ukiitia maji, tena maji ya kinywa cha mtoto, katika joto la bondeni, inaamka na kuwa pombe. Mimi sikujua. Niliona tu kwamba ladha inabadilika, inachoma kidogo ulimini, nikaacha. Sikuacha kwa kutubu. Niliacha kwa kutopendezwa. Nikaziba tundu kwa mara ya mwisho kwa nta nyingi, nikasahau.

Waasi walikuja mchana, kama watu kumi na wawili. Hawakupiga mtu. Mkubwa wao, mwanaume asiye na viatu mwenye kofia ya askari, aliomba chakula, na mama akapika ugali na ndagala, akaonja kila chombo mbele yao kama ilivyo adabu. Walikula wakamaliza. Kisha wakaanza kupekua nyumba wakitafuta silaha, na mmoja akatoka chumbani amekumbatia mtungi.

"Hii iko ya nani?" akauliza mkubwa.

"Ya rafiki yangu," akasema baba. "Haiko ya nyumba hii."

"Rafiki wa wapi?"

Nilimwona baba akitafuta jibu jingine. "Wa Bijombo," akasema.

Wale watu wakaacha kupekua. Mkubwa akasema mtungi ufunguliwe. Aliyeubeba akakata kamba kwa kisu, akabandua nta, na jani likainuka lenyewe. Mtungi ukatoa pumzi ndefu kama mtu aliyechoka, halafu povu jeupe likapanda likafurika ukingoni, likamwagika juu ya mikono yake. Aliuweka chini haraka, akaifuta mikono yake katika mchanga, anaifuta na kuifuta. Wengine walirudi nyuma wakishika mikuki yao. Harufu kali ilijaa uani, na haikuwa harufu ya asali.

"Onja," mkubwa akamwambia baba.

Baba alikuwa amepiga goti karibu na mtungi. Alitazama lile povu, na mimi nilitazama uso wake. Miaka yote aliyorina hakuwahi kuona asali yake ikifanya hivyo. Alijua aliufunga mwenyewe na nta ilikuwa haijabanduka. Alinyoosha mkono, mkono ukasimama njiani.

"Onja, mzee."

"Minye siwezi," akasema baba. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Iko na kitu ndani. Hii haiko asali yangu."

"Ni sumu?"

"Sijui."

"Nani aligusa?"

Wakati ule baba angeweza kusema hajui tena. Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa mtu aliyetishwa, mbele ya mke na watoto watano, na kichwa chake kilitafuta nani mwingine aliyekuwa na mtungi ule peke yake. Akasema, "Enoki. Mtoto ya Rukema. Alilala mu chumba hiki."

"Iko wapi sasa?"

Baba alionyesha upande wa mto. Aliinua tu mkono wake. Mkubwa akawatazama vijana wawili, nao wakaondoka mbio kupitia shamba letu la muhogo, na majani ya muhogo yakajifunga nyuma yao.

Siwezi kusema kwamba nilikuwa jasiri. Mkojo ulinitoka. Nilimpenda yaya Enoki, aliyekuwa akinichongea vijiko, na nilijua vijana wale wakimpata hawatamuuliza maswali mengi. Nilijua pia kwamba nikisema, nitakuwa mwizi mbele ya mama yangu na mbele ya baba, na kwamba labda kipigo ndicho kitakachokuwa adhabu ndogo kuliko nyingine. Nakumbuka nilihesabu mapengo katika ua wetu, moja, mbili, tatu, kana kwamba nikifika mwisho mtu mwingine atasema. Ua ukaisha. Nikatoka nyuma ya mama.

"Ni minye," nikasema. "Nilikunywa asali. Nikaweka maji."

Hakuna aliyenielewa. Nilirudia. Nikaenda kuchukua unyasi wangu niliouficha penye kuta za matete, nikawaonyesha tundu katika jani lililokuwa limetupwa chini, na kipande cha nta. Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Mkubwa akachukua kikombe cha bati, akachota mtungini mpaka kikajaa povu.

"Basi weye onja. Yote."

Nilikunywa. Ilinichoma koo, ikanipanda puani, lakini chini ya ule uchachu bado kulikuwa na ile harufu ya ua na moshi, nami nililia kwa sababu hiyo kuliko kwa hofu. Nikamaliza kikombe. Wote wakanisubiri nianguke. Nilipoanza kuyumba wakashika silaha, kisha mzee mmoja kati yao akaja akaninusa mdomo, akapiga paja lake akacheka. "Mutoto amelewa," akasema. "Iko pombe. Iko pombe tu!" Kicheko kikawashika wote. Mkubwa akapiga mluzi mrefu, mara mbili, mara tatu, kuwaita wale vijana wawili. Walirudi baada ya muda wakiwa wanahema, wakasema walimwona mtu na ng'ombe wake, wakasikia mluzi kabla hawajamfikia. Wakaunywa mtungi wote, wakaondoka na nyimbo.

Baba hakunipiga. Nilimngojea jioni ile, nilimngojea kesho yake, nilimngojea wiki nzima. Angenipiga ningepona haraka. Badala yake alinyamaza, na ukimya ule uliota mizizi nyumbani. Njia ya mlimani ilifunguliwa baadaye, ikafungwa, ikafunguliwa tena, kama ilivyo mpaka leo, lakini baba hakupeleka mtungi mwaka uliofuata, wala uliofuata huo. Ng'ombe wa Rukema walishuka upande mwingine wa bonde. Kibuyu cha samli hakikuja tena, na mama alipomzaa mdogo wetu wa mwisho alilishwa asali peke yake. Mimi nilikua nikiamini kwamba niliua urafiki ule kwa unyasi. Nilisoma, niliolewa Uvira, nilizaa, na kila mtu aliponiambia nina tabia nzuri nilijiambia kwamba hawanijui.

Baba alikuja kufia kwangu, hapa Nyamianda, akiwa mzee sana. Siku za mwisho hakula kitu. Nilimtafutia asali ya migunga kwa shida, nikamletea katika kisahani, nikaonja mbele yake kama ilivyo adabu, nikampa. Alilamba kidogo tu. Nikaona huo ndio wakati, nikamwambia, "Papa, unisamehe ile asali ya Bijombo."

Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha asiyoijua. "Weye?" akasema. "Weye uliiba asali tu, Mapendo. Minye nilitoa muntu."

Akapumzika, kisha akaendelea kwa shida. Alisema kwamba miaka ile yote alikuwa akiujaza mtungi wa kwanza na kuufunga, na kila asubuhi aliyotaka kupanda nao miguu ilikataa, kwa sababu hakujua atautazama vipi uso wa Rukema. Alisema mimi ndiye niliyemwokoa asiwe muuaji, na kwamba hakuwahi kuniambia kwa sababu kuniambia kungekuwa kusema jambo lenyewe. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nimebeba mzigo wake tangu nikiwa na miaka kumi, naye alinitazama nikiubeba. Nilimpenda, nikamkasirikia, nikamfunika blanketi. Siku ya tatu akafariki.

Mwaka uliofuata, katika miezi michache ambayo watu walisema njia ni shwari, nilipanda Bijombo. Kupata asali ya kupeleka kulinichukua muda kuliko safari. Migunga ya bondeni imekatwa kwa makaa, na sokoni asali huuzwa katika chupa za maji, nyingine ikiwa nusu sukari iliyochemshwa. Mimi huijua iliyotiwa maji bila kuionja. Nafungua kizibo nikasikiliza. Mwishowe nilimpata mzee mmoja mwenye mizinga mitatu katika migunga iliyobaki karibu na mto, nikanunua yote aliyokuwa nayo, nikaitia katika mtungi wa udongo ingawa galoni ingekuwa rahisi kubeba. Magoti yangu yalinikumbusha umri wangu kila hatua.

Rukema alikuwa amekufa zamani. Enoki alikuwa hai, mzee mrefu wa maneno machache, na nilishtuka kwa jinsi alivyofanana na baba yake. Nilimwambia mimi ni nani. Aliniweka kwenye kiti, nikamwambia habari yote bila kuficha, unyasi, povu, jina lake lilivyotajwa, mkono wa baba ulivyoonyesha mto. Alisikiliza akitazama mikono yake.

"Tulijuaka," akasema. "Watu wa bondeni walituambia wiki ileile."

"Na mzee?"

"Papa alingoja. Kila kiangazi alisema, atakuja, atasema yeye mwenyewe, tutakula. Samli ya kwanza aliiweka mpaka inaharibika. Alingoja sana."

Nikafungua mtungi. Nikachukua kijiko, nikakishika hewani kidogo, nikimtazama. Nakiri kwamba nilitumaini atanishika mkono kama baba yake alivyofanya. Hakunishika. Alisubiri kwa adabu, macho yake kwenye kijiko, kama mtu yeyote wa leo angesubiri, na baada ya yote yaliyopita kati ya mlima na bonde katika maisha yetu, kwa haki gani ningemlaumu? Nikaonja. Nikameza ili aone koo langu likisogea. Ndipo naye akalamba, akafumba macho.

Nilipotaka kuondoka aliingia ndani akatoka na kibuyu kidogo cha samli. Alikifungua, akainua kijiko apate kunionjea, kama ilivyo adabu. Niliweka mkono wangu juu ya mkono wake nikaushusha. Kisha nikachovya kidole changu, kidole cha mwizi yuleyule, nikalamba kabla yeye hajaonja. Enoki akatazama pembeni, akafuta uso kwa kiganja. Nilishuka mlima nikiwa na ladha ile kinywani mpaka nikaliona ziwa.